Utangulizi: Nani Asimame Mbele?

Taaluma unayoingia inachunguza namna mashoga, wasagaji na watu waliobadili jinsia walivyoishi wao kwa wao: nani alipewa kipaza sauti, nani aliambiwa akae nyuma, nani alichoka akaenda kuanzisha chama chake. Vitabu vingi husimulia mapambano yao na polisi, serikali na makanisa. Mimi huvutwa zaidi na mabishano ya ndani, kwa sababu humo ndimo kuvumiliana hujaribiwa kweli. Anayeomba kukubaliwa na jirani hushawishika kuwaficha ndugu zake wanaomtia aibu. Kitabu hiki kinafuatilia kishawishi hicho nchini Marekani, tangu miaka ya 1960.

Tuanze na mavazi. Kila tarehe 4 Julai, kuanzia 1965 hadi 1969, kikundi kidogo kiliandamana mbele ya Independence Hall, Philadelphia. Masharti yalikuwa makali: wanaume suti na tai, wanawake magauni. Frank Kameny, mmoja wa viongozi, alikuwa mwanaastronomia aliyefukuzwa kazi serikalini mwaka 1957 kwa sababu ya ushoga. Kwake, anayedai ajira sharti aonekane mtu wa kuajirika. Mwaka 1969, siku chache baada ya watu kupambana na polisi kwenye baa ya Stonewall, New York, wanawake wawili walishikana mikono katika maandamano hayo. Kameny akaitenganisha mikono yao. Craig Rodwell, aliyekuja na vijana kutoka New York, alikasirika mno. Mwaka uliofuata yeye na wenzake wakaanzisha maandamano mapya New York, kila mtu na nguo zake.

Nakusihi usimhukumu Kameny upesi. Aliposimama hadharani, wengi walikuwa wamejificha, na suti ile ilikuwa ngao. Tatizo ni wale ambao ngao hiyo haikuwatosha.

Mmoja wao ni Sylvia Rivera, mwanaharakati aliyebadili jinsia. Alizaliwa New York katika familia yenye asili ya Puerto Rico na Venezuela, akaanza kuishi mitaani akiwa bado mtoto. Mwaka 1970, yeye na Marsha P. Johnson walianzisha kikundi kilichoitwa STAR, wakawapa hifadhi vijana wasio na makazi. Kodi ya nyumba waliilipa kwa kuuza miili yao, ili wale wadogo wasilazimike kufanya hivyo. Juni 1973, kwenye mkutano wa hadhara uliofuata maandamano yale ya kila mwaka ya New York, Rivera alipanda jukwaani Washington Square Park akazomewa. Picha za video zipo, zitazame. Anapaza sauti hadi inakauka, akiwatetea wenzao walioko magerezani, waliopigwa na kubakwa, ambao hakuna aliyewakumbuka. Siku hiyohiyo Jean O'Leary, msagaji na mtetezi wa wanawake, alisoma tamko akiwalaumu wanaume waliovaa kike kwa kuwadhihaki wanawake. Naye alikuwa na uchungu wa haki: wanawake walikuwa wamechoka kuamuliwa mambo na wanaume hata ndani ya harakati zao wenyewe. Miaka mingi baadaye alikiri kujutia msimamo ule. Ndiyo maana huwataka wanafunzi wangu wamsikilize O'Leary kwa umakini uleule wanaompa Rivera.

Wanawake weusi nao walibanwa pande kadhaa. Combahee River Collective, kikundi kilichoanzishwa Boston mwaka 1974, kilieleza katika tamko lake la 1977 kwamba ubaguzi wa rangi, wa jinsia na wa tabaka huja kwa pamoja, na kikakataa wito wa kujitenga na wanaume wote. Tamko hilo ni fupi. Lisome kabla ya sura ya tatu.

Sura za mwisho zinahusu sheria. Rivera alifariki Februari 2002, akiwa amebishana hadi kitandani hospitalini na wanaharakati waliokuwa wakisukuma muswada wa jimbo la New York wa kuwalinda mashoga na wasagaji. Muswada ulipita Desemba mwaka huohuo, bila kuwataja waliobadili jinsia. Waliambiwa wasubiri zamu yao. Sheria iliyowataja ilisainiwa Januari 2019.