Mguu au mdomo? Gurudumu la nyuma la toleka na neno lililokosekana

Mwaka jana nilifanya kosa la tafsiri lililomwangusha mtu barabarani. Hakuumia sana, ashukuriwe Mungu, lakini gunia la mchele la abiria wake lilipasuka na kumwagika, na yeye akalazimika kulilipa. Katika makala haya nataka kueleza kosa hilo. Kwa kuwa haliwezi kueleweka bila kujua jinsi gurudumu la nyuma la baiskeli linavyofungwa, nitaanza na chuma, kisha nitarudi kwenye neno.

Kwa msomaji asiyeijua Kisangani: toleka ni baiskeli ya kubeba abiria, mwenye kiti chake cha sifongo juu ya kibebeo cha nyuma. Jina ni la Kilingala, nalo ni sentensi nzima: to- ni "sisi", -lek- ni "pita", kisha irabu ya mwisho -a. Maana yake ni "tupite". Kiswahili kingeweka -e mwishoni mwa kitenzi cha namna hiyo, Kilingala kimeweka -a. Baiskeli yenyewe, katika Kiswahili chetu cha hapa, ni kinga, na Warundi nao husema ikinga. Wakati wa vita vya 1998 hadi 2003, petroli ilipokuwa adimu na barabara zimekatika, toleka zilibeba wagonjwa, mihogo, makaa na wanafunzi. Leo pikipiki zimechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo. Lakini karo yangu ya shule ya msingi ilitoka kwenye toleka ya mjomba wangu, ndiyo maana niliposikia kwamba karakana moja ya Mangobo inatafuta mtu wa kutafsiri karatasi ya mafunzo kutoka Kifaransa, nilijitolea bure.

Sasa tutazame gurudumu. Katikati yake kuna sehemu ambayo Kifaransa huiita moyeu, na mafundi wetu hutamka mwaye. Ni bomba fupi lenye kingo mbili za mviringo, na katika kingo hizo kuna matundu ya kushikia spoki. Ndani ya bomba hupita chuma kirefu, akse, yaani ekseli. Gololi huzunguka kati ya viwili hivyo, ili bomba lizunguke na akse itulie. Kwenye kinga zetu nzito akse ni chuma kizima chenye nyuzi za skurubu huku na huku, na kila ncha ina nati yake. Baiskeli nyingi za mbio zimetumia akse yenye uwazi ndani na mkono mdogo wa kufungia bila spana, ambao Mwitalia Tullio Campagnolo anajulikana kwao. Huo ni mzuri kwa mtu anayeshindana na saa. Kwa mtu anayebeba watu wawili kwenye mashimo, chuma kizima na nati mbili ni salama zaidi.

Ncha hizo za akse lazima zishikwe na fremu. Mwisho wa fremu, kila upande, kuna bamba la chuma lenye ufa, na akse huingia katika ufa huo. Kifaransa huliita bamba hilo patte. Umbo la ufa ndilo jambo kubwa, na maumbo yako matatu.

La kwanza ni ufa wa kusimama, unaotazama chini. Akse ikiingia, inakaa mahali pamoja tu. Baiskeli za gia nyingi hutumia umbo hili, kwa sababu zina kifaa chenye springi kinachovuta mnyororo ukilegea. La pili ni ufa wa kulala unaotazama mbele, ambao ni wa kawaida kwenye baiskeli nyingi nzito za mtindo wa zamani wa Kiingereza. La tatu ni ufa wa kulala unaotazama nyuma. Katika haya mawili ya mwisho, fundi anaweza kusogeza gurudumu nyuma au mbele kabla ya kukaza nati.

Kwa nini alisogeze? Kwa sababu mnyororo huliwa. Pini zake zikichakaa, unarefuka na kulegea, mwishoe unaruka nje ya meno. Kinga isiyo na gia haina springi ya kuuvuta, kwa hiyo ni gurudumu lenyewe linalouvuta. Fanya hesabu: pini moja hadi nyingine ni milimita 12.7. Ukiondoa jozi moja ya vipande, mnyororo unapungua milimita 25.4. Lakini mnyororo unapita juu na chini, kwa hiyo gurudumu husogea nusu tu ya hapo, milimita 12.7. Ufa mzuri basi lazima uwe mrefu kuliko hapo, la sivyo fundi atafika mahali ambapo mnyororo ni mrefu mno na akipunguza jozi moja ni mfupi mno.

Uhuru huo wa kusogea una bei yake. Chukua mkono wa pedali wa milimita 170, na gia ya mbele yenye meno 44, ambayo nusu kipenyo chake ni kama milimita 89. Gawanya: mnyororo unavutwa kwa nguvu karibu mara mbili ya ile ya mguu. Mtu wa kilo 60 akisimama juu ya pedali, mnyororo unavuta kama uzito wa kilo 115. Na unavuta upande wa kulia peke yake, kuelekea mbele. Kinachozuia akse isiteleze katika ufa ni mkazo wa nati tu. Nati ikiwa legevu, ncha ya kulia inasogea mbele, gurudumu linakwenda mshazari na kugusa fremu upande wa kushoto, na mnyororo unalegea ghafla na kutoka.

Hapo ndipo kosa langu lilipoingia. Karatasi ya Kifaransa ilisema nati zikazwe vizuri dhidi ya pattes za nyuma. Mimi, mwanafunzi wa lugha mwenye kamusi mbili mezani, niliona kwamba patte ni mguu wa mnyama. Nikaandika: "Kaza vizuri nati za miguu ya nyuma." Sikwenda karakana kuuliza. Mwanagenzi mmoja alisoma, akatazama kinga iliyokuwa mbele yake, akaona miguu miwili ya nyuma: kile kisimamio cha chuma kinachoinua gurudumu la nyuma wakati kinga imeegeshwa, nacho kilikuwa na nati zake. Akazikaza kwa nguvu zake zote. Za akse alizigusa kwa vidole tu, akisubiri mstari mwingine wa karatasi ambao haukuwapo. Mwenye kinga aliondoka, akapakia mama mmoja na gunia lake sokoni, akasimama juu ya pedali ili aondoke. Mnyororo ukatoka, mguu wake ukakanyaga hewa, wote watatu chini: yeye, mama na mchele.

Nilipokwenda kuomba radhi, fundi mkuu hakunigombeza. Alinichuchumaza kando ya kinga, akaweka kidole kwenye lile bamba. "Mwanangu, kinga iko na miguu ile tu ya kuisimamisha. Hii hapa ni mdomo. Angalia vile inauma akse. Mdomo ikilegea, inatapika gurudumu."

Nimelifikiria neno hilo mwaka mzima, na naona lina faida ambayo langu halikuwa nayo. Mguu unaonyesha umbo, tena umbo la mnyama wa Mfaransa. Mdomo unaonyesha kazi: unafunguka, unapokea, unauma, unaweza kuachia. Ukishakuwa na mdomo unaweza kusema yale maumbo matatu bila kuchora picha: mdomo unaotazama chini, mdomo unaotazama mbele, mdomo unaotazama nyuma. Mwanagenzi anaelewa mara moja kwamba mdomo unaotazama mbele unaweza kuiachia akse ikivutwa na mnyororo, na ule unaotazama nyuma una ukuta mbele yake.

Ukuta huo si jambo dogo. Kuna mchezo unaoitwa triali, ambao baiskeli za kampuni ya Monty ya Catalonia zilisaidia kuueneza. Mchezaji huruka kutoka jiwe hadi jiwe juu ya gurudumu la nyuma, bila kuweka mguu chini, na kila mruko huanza kwa kukanyaga pedali kwa ghafla. Baiskeli nyingi za mchezo huo zina mdomo unaotazama nyuma, gia moja, na akse iliyokazwa kwa spana. Juu ya akse huwekwa kisahani ambacho unene wa mduara wake unaongezeka kadiri kinavyozungushwa, na ambacho Waingereza hukiita konokono. Kinaegemea kipini kilicho kwenye fremu, kwa hiyo hata nati ikilegea kidogo akse haiwezi kuteleza mbele. Mchezaji wa Barcelona na mwendesha toleka wa Mangobo hawajaonana, lakini nguvu ya ghafla kwenye mnyororo imewafundisha somo moja.

Na mwaye? Nilimsikia kijana mmoja pale karakana akiuita moyo wa gurudumu, kwa kuwa sauti zinakaribiana. Kamusi zetu zina kitovu, nalo ni neno zuri: Wajerumani nao huita sehemu hiyo Nabe, na kitovu cha mtu Nabel, maneno ya ukoo mmoja. Lakini sikuingiza kitovu katika karatasi mpya. Mafundi wote pale wanaelewa mwaye, na karatasi ya karakana si mahali pa kushinda mjadala wa istilahi.

Karatasi hiyo sasa inasema: "Vuta gurudumu nyuma mpaka mnyororo ukae. Hakikisha liko katikati ya fremu. Kaza nati za akse juu ya midomo yote miwili, kwa spana, si kwa vidole." Niliisoma kwa sauti mbele ya wanagenzi kabla ya kuichapa, na kila mmoja alinionyesha kwa kidole kitu kilichotajwa. Mchele nilimrudishia mwenye kinga kwa awamu tatu. Wenzangu mnaopewa kazi za kutafsiri maneno ya ufundi, nawaomba mfanye hivyo hivyo: mpeni karatasi mtu mwenye mafuta mikononi, mwangalieni kidole chake kinakwenda wapi, kisha ndipo mchape.