Mtoto Mteuzi wa Chakula na Mchezo wa Mkekani

Kati ya umri wa mwaka 1 na miaka 3, mtoto aliyekuwa akipokea karibu kila alicholishwa huanza kuchagua: mchicha alioula jana leo anautoa kwa ulimi, samaki anamkubali akiwa amekaangwa na kumkataa akiwa kwenye mchuzi, na siku huweza kumalizika kwa wali mtupu na chai. Wazazi huliona badiliko hili kuwa ni kudeka au ukaidi, ilhali wataalamu wa lishe na wa saikolojia ya watoto hulihesabu kuwa ni hatua ya ukuaji yenye sababu zinazoeleweka. Na kwa kuwa ni hatua ya ukuaji, jitihada za kumshinda mtoto kwa nguvu hugonga mwamba mara nyingi, huku zile zinazompa nafasi ya kukishika, kukinusa na kukichezea chakula zikizaa matunda, japo polepole.

Sababu ya kwanza ni ya kimwili. Kwa mujibu wa viwango vya ukuaji vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006, mvulana wa kati huzaliwa na kilo 3.3, hufikia kilo 9.6 anapotimiza mwaka 1, na kilo 12.2 anapotimiza miaka 2. Yaani huongeza zaidi ya kilo 6 katika mwaka wa kwanza na kilo 2.6 tu katika ule wa pili. Kasi ya ukuaji inapopungua, hamu ya kula nayo hupungua, na hilo hutokea wakati uleule ambapo mtoto amejua kutembea na kugundua kwamba yako mambo mengi ya kufanya zaidi ya kukaa mbele ya bakuli. Sababu ya pili ni ile iitwayo neofobia ya chakula, yaani hofu ya kula kitu kigeni, ambayo hujitokeza kwa nguvu zaidi kati ya miaka 2 na 6. Wanasayansi wengi huieleza kuwa ni kinga ya kale, kwa maana kwamba mtoto aliyeanza kutangatanga peke yake huweza kufikia majani na matunda ya kila namna, yakiwemo yenye sumu, na anayesita kumeza asichokijua ana nafasi kubwa zaidi ya kusalimika. Kwa kuwa sumu nyingi za mimea ni chungu, na utamu ni ladha ambayo binadamu huzaliwa akiipenda, si ajabu kwamba kisamvu na nyanya chungu hukataliwa kabla ya ndizi mbivu.

Hofu hiyo huondolewa kwa mazoea. Mwaka 1982 mwanasaikolojia wa Marekani Leann Birch na mwenzake walichapisha utafiti ambamo watoto wa miaka 2 walipewa vyakula wasivyovijua, vingine mara chache na vingine hadi mara 20, na ikaonekana kwamba kadiri chakula kilivyoonjwa mara nyingi ndivyo kilivyopendwa zaidi baadaye. Tafiti zilizofuata huweka idadi ya kuonja inayohitajika kabla mtoto hajakikubali chakula kipya kuwa takriban mara 8 hadi 15, na Birch alionyesha pia, mwaka 1987, kwamba kukitazama tu hakuifanyi ladha yake ipendwe, bali lazima kifike ulimini. Hapa ndipo wazazi wengi hukata tamaa mapema, kwa kuwa aliyepika bamia mara tatu na kukataliwa mara tatu huhitimisha kwamba mtoto wake hali bamia, nazo hutoweka kwenye sahani ya mtoto kabla hazijafika hata nusu ya safari.

Kulazimisha huongeza tatizo badala ya kuliondoa. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2006, watoto wa shule ya awali walipewa supu, baadhi ya siku wakihimizwa tena na tena kuimaliza na siku nyingine wakiachwa wale watakavyo, na walipohimizwa ndipo walipokula kidogo na kuisema vibaya zaidi. Ama ile desturi ya kumlaza mtoto mapajani, kumbana pua na kummiminia uji kooni, haina utetezi wowote, kwani uji huweza kuingia katika njia ya hewa, na mtoto hujifunza kuliogopa bakuli. Mtaalamu wa lishe Ellyn Satter, naye wa Marekani, alipendekeza katika miaka ya 1980 mgawanyo wa majukumu ambao hadi sasa haujapata mshindani wa kweli kwa urahisi wake: mzazi aamue chakula gani kiliwe, saa ngapi na wapi, na mtoto aamue ale kiasi gani, au asile kabisa.

Mchezo huingia katika mgawanyo huo upande wa mtoto. Mchezo wenye manufaa ni ule ambao mtoto mwenyewe ndiye mtendaji, akitumia vidole, pua na macho kukifahamu chakula kabla hajatakiwa kukitia kinywani, kwa sababu neofobia huanzia machoni na vidoleni: mtoto huukataa mlenda kwa sababu unateleza, na dagaa kwa sababu wana macho. Nchini Uingereza, Helen Coulthard na mwenzake walichapisha mwaka 2017 utafiti juu ya watoto wa miaka 3 na 4, ambapo kundi moja lilichezea matunda na mboga halisi, jingine lilichezea vitu visivyo chakula, na la tatu liliyatazama tu matunda na mboga hizo. Waliochezea vyakula vyenyewe ndio waliokuwa tayari kuonja aina nyingi zaidi. Wazo hilo si jipya, kwani tangu miaka ya 1970 Mfaransa Jacques Puisais, mtaalamu wa mvinyo, alikuwa akiwafundisha wanafunzi wa shule za msingi kukichunguza chakula kwa milango yote mitano ya fahamu, na mbinu yake baadaye ikaingia katika shule za chekechea za Finland.

Msomaji wa Afrika Mashariki huenda akapinga hapa, na pingamizi lake ni zito. Katika jamii nyingi kuchezea chakula ni utovu wa adabu, na kwa wengine ni kuikufuru neema ya Mungu, hasa katika nyumba ambayo maharage hununuliwa kwa kupimiwa kikombe. Lakini mchezo unaotajwa hapa hauhitaji kurusha wali ukutani wala kumwaga mchuzi. Sehemu yake kubwa hufanyika kabla chakula hakijapikwa, nayo haigharimu kitu: mtoto wa miaka 2 anaweza kukabidhiwa fungu dogo la mchicha achambue majani, akayararua vibaya na yakafaa vivyo hivyo, anaweza kuosha nyanya ndani ya beseni, kupasua maganda ya mbaazi mbichi pamoja na bibi yake, kubeba karoti moja kutoka sokoni hadi nyumbani, au kuponda kwa mwiko viazi lishe vilivyochemshwa, vile viazi vitamu vyenye rangi ya chungwa ambavyo mwili huvitumia kutengeneza vitamini A. Mchezo wa kupikapika kwa vifuu na makopo, ambao watoto wa pwani na bara hawakufundishwa na mtaalamu yeyote, hupata faida mpya iwapo ndani ya kifuu mtawekwa vipande vya tango na parachichi vilivyooshwa, ili “mpishi” awakaribishe wageni wake na kula pamoja nao.

Wakati wa mlo wenyewe, ugali unavizidi vijiko vyote kwa kufaa mchezo, na inashangaza kwamba wazazi wengi wa mijini huwalisha watoto wao kwa kijiko chakula ambacho kimeumbwa kwa ajili ya mkono. Tonge dogo huviringwa, hubonyezwa kwa kidole gumba likawa na kishimo, na kishimo hicho hutumiwa kuchota kisamvu. Mtoto anayeshughulika na uchotaji husahau kwa muda kwamba kilichochotwa ni kile alichokikataa. Viazi huweza kukatwa vikapangwa kama ngazi, papai, embe na tikiti vikatajwa kwa rangi zake, na mtoto aliyefikia miaka 3 akategewa kitendawili cha nyumba isiyo na mlango kisha akapewa yai la kuchemsha alipasue mwenyewe. Kiasi kiwe kidogo sana, kijiko kimoja cha mboga mpya kando ya kile anachokipenda, ili kikitemwa hasara isiwe kubwa na mzazi asipate sababu ya kukasirika. Kijiko hicho kichotwe katika chungu cha familia badala ya kumpikia mtoto chakula chake peke yake, kwa kuwa hakuna bajeti ya kawaida inayoweza kustahimili majaribio 15 ya mapishi ya peke yake.

Yako mambo yanayofanana na mchezo ambayo kwa kweli ni shuruti iliyovishwa nguo ya sherehe. Kijiko kinachopaa kama ndege hadi kinywani huchekesha mara ya kwanza, lakini anayecheza ni mzazi, na mtoto hubaki uwanja wa kutua. Simu yenye katuni ni mbaya zaidi, kwa kuwa mtoto aliyezama katika picha humeza bila kuonja wala kuisikia shibe, na mazoea ya ladha, ambayo ndiyo lengo lote, hayapatikani. Kuahidi biskuti au soda baada ya mchicha nako humfundisha mtoto kwamba mchicha ni adhabu na biskuti ndiyo chakula chenye thamani. Utafiti uliochapishwa na wataalamu wa London mwaka 2011 ulionyesha kwamba zawadi ndogo isiyo chakula, kama stika, inayotolewa kwa kuonja tu, haiharibu mapenzi ya mtoto kwa mboga. Hata hivyo watoto waliohusika walikuwa na miaka 4 hadi 6, na kwa aliye mdogo zaidi pongezi fupi inatosha.

Kula pamoja kuna nguvu kuliko michezo yote hiyo. Mwaka 2005 Elsa Addessi wa Italia na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watoto wa miaka 2 hadi 5 walikikubali chakula kigeni kwa urahisi zaidi mtu mzima aliyekuwa nao alipokula chakula cha rangi ileile, na si alipokula cha rangi nyingine au alipokaa nao bila kula. Kwa maana hiyo sinia la pamoja lina faida ambayo kiti cha peke yake jikoni hakina, ingawa wahudumu wa afya wako sahihi wanaposisitiza mtoto apewe sahani yake ili kiasi alichokula kijulikane na wakubwa wasimmalizie kitoweo. Mambo haya mawili hayapingani: sahani ndogo huwekwa mkekani kando ya sinia, ikiwa na chakula kilekile wanachokula wengine.

Mchezo wowote hushindwa ikiwa mtoto hana njaa. Juisi, krispi na chai ya maziwa vinavyotolewa kila anapolia hujaza tumbo, na chai huzuia pia mwili kunyonya madini ya chuma. Maziwa ya ng'ombe nayo, yakizidi takriban nusu lita kwa siku, huchukua nafasi ya vyakula vyenye madini hayo. Milo 3 hadi 4 na vitafunio mara 1 au 2 kwa siku, kwa saa zinazojulikana na maji pekee katikati yake, vinatosha kwa mtoto wa umri huu. Mtoto anawe mikono kwa sabuni kabla ya kuanza, na asiachwe peke yake na karanga nzima, zabibu nzima, vipande vigumu vya karoti mbichi au punje za maharage makavu, ambavyo huweza kumpalia au kuingia puani. Karanga zisagwe na kutiwa katika mboga.

Uteuzi wa chakula si chanzo kikuu cha udumavu, yaani hali ya mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake kwa kukosa lishe ya kutosha kwa muda mrefu, ambayo utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliikuta kwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 na, kwa upande wa Kenya mwaka huohuo, asilimia 18. Umaskini, maradhi na mlo wa aina moja vina sehemu kubwa zaidi. Hata hivyo, mahali ambapo ugali au wali ndio msingi wa kila mlo, mtoto anayekataa mboga na kitoweo hubakiwa na wanga peke yake. Mzazi aangalie kadi ya kliniki kuliko sahani ya siku moja: mstari wa uzito ukiendelea kupanda, uteuzi huo unavumilika, lakini mstari huo ukilala au kushuka, au mtoto akikataa kundi zima la vyakula kwa wiki nyingi, akipaliwa mara kwa mara, akiharisha, akiwa na viganja vilivyopauka, au utepe wa kupimia mkono ukisoma chini ya sentimita 12.5, apelekwe kituo cha afya mara moja bila kusubiri siku ya kliniki ya mwezi unaofuata.