Mwalimu wa Enguserosambu achague zana gani: projekta au kokoto?

Leo tuweke siasa pembeni kidogo, tuongelee darasa.

Chukulia mwalimu mpya, katoka chuo, kapangiwa shule ya msingi kata ya Enguserosambu, kule Loliondo wilayani Ngorongoro. Anaingia darasa la kwanza na chati yake ya rangi: treni, meli, mnazi. Anauliza, "Hii ni nini?" Darasa kimya! Siyo kwamba watoto ni wazito. Wengi wao nyumbani wanaongea Kimaa, Kiswahili wanakutana nacho shuleni, na meli hawajawahi kuiona. Mwalimu kawatwisha mizigo miwili kwa mpigo: neno geni na kitu kigeni. Chati ni nzuri, ila kwa darasa lile haifai.

Ubaya ni kwamba mtoto akikaa kimya hivyo miezi kadhaa, anaanza kuamini shule siyo yake. Wa hivyo kumpoteza ni rahisi, maana machungani kazi ipo siku zote.

Sasa mwalimu achague vipi? Mimi naona ajiulize maswali haya matano kabla ya kubeba zana yoyote:

1. Lengo la somo ni nini? Mwaka 1983 msomi wa Marekani, Richard Clark, alifananisha vyombo vya kufundishia na lori linaloleta chakula: lori halibadilishi lishe iliyomo. Wenzake wamembishia sana, lakini funzo lipo. Anza na somo, zana ije baadaye. Kama lengo ni mtoto ajue 3 + 4, basi kokoto saba mkononi mwake zinatosha. Anazigusa, anazitenganisha, anaziunganisha. Projekta hapo ya nini?

2. Mtoto anakijua kitu hiki? Akikijua, kinachobaki ni neno la Kiswahili tu. Shanga anazijua tangu mgongoni kwa mama yake: zinafundisha kuhesabu, rangi na mpangilio unaojirudia. Kibuyu kinafundisha ujazo. Msitu ulio jirani, unaotunzwa na wanakijiji wenyewe, ni zana tosha ya somo la mimea na vyanzo vya maji. Ukifundisha volkano, Ol Doinyo Lengai uko wilaya hiyo hiyo, na ulilipuka mwaka 2007. Usianze na mlima wa Italia.

3. Wa nyuma anaona? Kiwango rasmi shule ya msingi ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, na tunajua mara nyingi wanazidi. Bandika chati, kisha nenda kasimame dawati la mwisho. Usipoisoma wewe mtu mzima, mtoto ataisomaje? Kama kitu ni kidogo, gawa makundi na kila kundi lipate chake.

4. Mila inasemaje? Hapa wageni wengi wanateleza. Mwalimu anadhani kamrahisishia mtoto kwa kumwambia, "Hesabu ng'ombe wa baba yako." Wazee wengi wa Kimaasai hawapendi mifugo ihesabiwe hivyo, na mfugaji anawajua ng'ombe wake kwa rangi, pembe na ukoo. Hesabu kokoto, acha ng'ombe. Tena Wamaasai wana ishara zao za vidole kwa namba: mwalimu akijifunza hizo, kapata zana ya bure ambayo haisahauliki nyumbani.

5. Itadumu? Manila inachanika, upepo na vumbi havina huruma. Mfuko wa salfeti ukiupasua na kuufungua, unapata chati ngumu ya kudumu. Umeme ukikatika, kokoto hazizimi.

Sisemi teknolojia haina maana. Baada ya Sensa ya 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu viligawiwa kwa walimu, na ni msaada mkubwa. Mtoto wa Loliondo ataionaje bahari bila picha au video? Moyo unavyodunda, utaonyesha kwa kokoto? Hapo kishikwambi ndiyo mahali pake. Ila kimoja kwa watoto 60 kinakuwa sinema ya walio mbele, kwa hiyo panga zamu.

Jambo la mwisho. Ile hesabu inayozunguka mafunzoni, kwamba mtu hukumbuka asilimia 10 ya anachosoma, 20 ya anachosikia na kuendelea, inasingiziwa Edgar Dale. Dale alichora mchoro wake wa pia mwaka 1946, kutoka tendo halisi hadi maneno matupu, bila asilimia hata moja. Namba zilibandikwa na watu wengine. Kwa hiyo usichague zana kwa kutegemea asilimia hizo. Mwisho wa kipindi iondoe zana, kisha mwambie mtoto afanye mwenyewe. Akiweza, zana imefanya kazi. Akishindwa, badilisha zana kabla hujamlaumu mtoto.

Walimu mlioko Ngorongoro, Longido, Simanjiro na Kiteto, nyie ndio mnaoijua hali halisi. Mnatumia nini darasa la kwanza? Tupeni uzoefu wenu hapa chini, wengine wajifunze.

Nawasilisha.