Jua la Kipupwe na Baridi ya Mbeya

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) inapotangaza mwelekeo wa kipupwe, msimu wa Juni hadi Agosti, mikoa inayotajwa kwa baridi kali haibadiliki sana: Mbeya, Iringa, Njombe na majirani zao wa Nyanda za Juu Kusini. Jiji la Mbeya limekaa mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Iringa iko chini ya hapo kidogo tu. Usiku wa Julai kipimajoto cha Mbeya mara nyingi husoma kati ya nyuzi 6 na 10, na huko juu Kitulo na Makete kuna asubuhi ambazo majani huamka yamefunikwa na sakitu. Hata hivyo nyumba nyingi za mikoa hii zimejengwa kwa ramani ileile ya Dar es Salaam na Morogoro: bati juu, matundu ya hewa chini ya paa, madirisha ya kioo chembamba, sakafu ya saruji tupu. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa makazi na afya wa mwaka 2018, linapendekeza joto la ndani lisipungue nyuzi 18. Chumba cha kulala cha Uyole, jijini Mbeya, saa kumi alfajiri kiko mbali na kiwango hicho. Pengo huzibwa kwa blanketi, na pale penye mtoto mchanga au mzee, huzibwa kwa jiko la mkaa linaloingizwa chumbani mlango ukafungwa. Mkaa unaoungua kwa hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Aliyelala haihisi ikija.

Ipo njia nyingine, na Nyanda za Juu Kusini zina bahati ya pekee ya kuitumia: kiyoyozi cha ukutani chenye uwezo wa kupasha joto, kinachoendeshwa kwa umeme wa sola. Wengi wanakijua kiyoyozi kama kitu cha kupooza vyumba vya Dar es Salaam na Tanga, na wakisikia kinapendekezwa Mbeya hudhani aliyesema amekosea mkoa. Lakini pitisha mkono nyuma ya jokofu lolote linalofanya kazi: pana joto. Joto hilo limenyonywa kutoka kwenye vyakula vya ndani na kutupwa nje. Jokofu halitengenezi baridi. Huhamisha joto kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kiyoyozi cha vipande viwili, kimoja ndani na kingine nje, kinafanya vivyo hivyo kwa chumba kizima, na kikiwekewa valvu ya kugeuza mkondo wa gesi, huanza kunyonya joto la nje na kulileta ndani. Ndipo kinapostahili jina la pampu ya joto. Hewa ya nyuzi 7 ni baridi kwa mwili wa binadamu, ila gesi inayozunguka kwenye mabomba ya mashine ya nje huwa baridi zaidi ya hapo, kwa hiyo inapata cha kunyonya. Kompresa huibana gesi hiyo, joto lake hupanda, na feni ya ndani hulimwaga chumbani. Mwanasayansi wa Uingereza, Lord Kelvin, alilieleza wazo hili mwaka 1852.

Faida yake iko kwenye hesabu. Hita ya koili ikila uniti 1 ya umeme hutoa uniti 1 ya joto, wala haiwezi kuzidisha. Pampu ya joto ikila uniti 1 huleta chumbani uniti 3 au 4, kwa sababu umeme wake unalipia usafirishaji tu. Joto lenyewe lilikuwa nje bure. Viwanda hupima uwezo wa mashine hizi kwa kanuni ya kimataifa inayochukulia kwamba nje kuna nyuzi 7 na ndani kuna nyuzi 20. Ukitazama kibandiko cha mashine yoyote, tarakimu ya kupasha joto iliyoandikwa pale imetokana na usiku unaofanana na wa Julai Mbeya. Huko Norway, nchi inayoongoza Ulaya kwa wingi wa pampu za joto ukilinganisha na idadi ya kaya, mashine hizi hufanya kazi nje kukiwa na baridi iliyoshuka chini kabisa ya sifuri. Baridi yetu kwao ni kazi nyepesi.

Bahati niliyoitaja ni ya jua. Katika Ulaya ya kaskazini, baridi inapokuja jua linaondoka: mchana hufupika hadi saa chache, mawingu hutanda kwa wiki nzima, na paneli za sola hulala wakati hasa zinapohitajika. Nyanda za Juu Kusini mambo yako kinyume. Mvua huanza mwishoni mwa mwaka na kukoma Aprili au Mei. Juni, Julai na Agosti ni kiangazi cha anga kavu. Usiku huwa baridi kwa sababu hiyohiyo: hakuna mawingu ya kuizuia ardhi isitoe joto lake angani. Kwa kuwa Mbeya iko karibu nyuzi 9 tu kusini mwa ikweta, hata siku fupi kuliko zote mwezi Juni ina zaidi ya saa 11 za mwanga. Paneli zenyewe hupenda ubaridi; kila nyuzi 1 inayozidi 25 juu ya uso wa paneli hupunguza umeme wake kwa karibu asilimia 0.4, ndiyo maana paneli ileile, chini ya jua lilelile, huzalisha vizuri zaidi Iringa kuliko kwenye joto la Pwani. Si kila mahali duniani baridi na jua hufika mwezi mmoja, nasi tunaishi panapofika hivyo.

Kuna pingamizi zito linalostahili kujibiwa taratibu: baridi inauma usiku, na usiku hakuna jua. Jibu la haraka la wauzaji ni betri. Betri inafanya kazi, lakini mara nyingi ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya gharama ya mfumo mzima, na kumshauri mtu aanze nayo ni kumpotosha. Jibu bora limo ndani ya kuta. Wahehe wa zamani walijenga tembe, nyumba ya udongo mnene yenye paa bapa la udongo, na udongo ule ulipokea joto la mchana na kulirudisha polepole usiku. Tulipohamia kwenye bati tulipata paa lisilovuja, tukapoteza ghala la joto. Ghala hilo halikupotea lote, kwa kuwa tofali za kuchoma ambazo zimejenga mitaa mingi ya Mbeya na Iringa ni nzito na zinahifadhi joto vizuri. Tatizo ni kwamba hakuna anayezijaza, na juu yake hakuna mfuniko.

Tuchukue chumba cha mita 4 kwa 4 chenye kuta mbili zinazotazama nje na dirisha moja. Makadirio yangu, kwa kanuni za kawaida za upotevu wa joto, ni kwamba chumba hicho kikiwa chini ya bati tupu, matundu yakiwa wazi, kukishikilia kwenye nyuzi 18 wakati nje kuna 9 kunahitaji kilowati 2 za joto au zaidi kidogo. Kikiwekwa dari ya jipsamu au mbao, matundu yakazibwa na mlango ukawekewa mpira wa chini, mahitaji hushuka hadi kilowati 0.9 hivi. Kwa saa 10 za usiku, pampu inayoleta uniti 3 za joto kwa kila uniti ya umeme itakula uniti 7 katika hali ya kwanza na uniti 3 katika hali ya pili. Fundi wa dari, basi, anaokoa zaidi ya nusu ya umeme huo, na ndiye anayepaswa kuitwa kwanza, kabla ya fundi wa sola. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu nyumba isiyo na dari itamla mwenye nyumba hata awe na paneli kumi.

Sasa rudi kwenye kuta. Kila nyuzi 1 ya joto inayoongezwa kwenye tofali za chumba kile huhifadhi uniti 2 za joto au zaidi. Mashine ikiwashwa saa nane mchana na kuachwa hadi jua linapozama, ikapandisha joto la kuta kwa nyuzi 3, kuna uniti 6 ndani ya tofali kati ya uniti 9 ambazo usiku utazidai. Saa hizo za alasiri nje kuna nyuzi 20 au zaidi, na pampu inayonyonya joto kwenye hewa kama hiyo hula umeme kidogo kuliko ingekula usiku wa manane. Kwa hiyo nyumba yenyewe inakuwa betri, tena isiyochakaa. Kinachobaki kwa usiku ni nyongeza ndogo, na nyongeza hiyo inaweza kutoka TANESCO.

Atauliza mtu: ikiwa TANESCO ipo, na Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 limeanza kuzalisha tangu mwaka 2024, sola ya nini? Swali ni la haki, hasa kwa watu ambao mito yao ndiyo huyalisha mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Lakini hesabu ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, ina vizingiti vyake. Kwa bei zilizoidhinishwa na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, mwaka 2016, mteja mdogo wa kundi la D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na akivuka hapo kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Mteja wa kawaida, wa kundi la T1, hulipa shilingi 292 kwa uniti, ambazo zikijumlishwa kodi na tozo hufika 356 hivi. Uniti 3 kila usiku ni uniti 90 kwa mwezi, na peke yake zinamtoa mteja wa D1 kwenye nafuu yake. Paneli 3 za wati 400, zikipata saa 5 za jua kamili kwa siku na tukikata asilimia 20 ya upotevu, hutoa uniti 4.8 kila siku, zinazotosha kuendesha mashine ndogo ya BTU 9,000 alasiri nzima. Nazo hazikai bure kipupwe kikiisha: Septemba hadi Mei zinaendesha jokofu, taa na pampu ya maji. Anayesema mfumo huu ni wa miezi mitatu anahesabu mashine na kuzisahau paneli.

Kuhusu bei sitaficha: hiki si kifaa cha kila kaya leo. Kwa kaya isiyo na uwezo wa kukinunua, dari na mpira wa mlango ni ununuzi bora, na kijijini Mufindi, penye mabaki ya mbao karibu na Shamba la Miti Sao Hill, jiko la kuni lililofungwa na lenye bomba la moshi hadi nje ni suluhisho la heshima. Ninachokikataa ni mkaa chumbani. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi, na ni lengo jema, lakini jina lake lenyewe linasema kupikia. Mbeya jiko la mkaa lina kazi mbili: linapika ugali, kisha linaipasha familia joto. Ukimpa mama mtungi wa gesi umechukua kazi ya kwanza tu, na Julai ikifika atalirudisha jiko ndani kwa ajili ya ile ya pili. Mkakati usiohesabu joto la nyumba utakwama kwenye nyanda za juu, na wanaousimamia wanapaswa kuliona hilo mapema.

Anayeamua kununua awe macho dukani. Viyoyozi vingi vinavyoingizwa nchini kwa ajili ya Pwani vinapooza tu, havina valvu ya kugeuza. Rimoti yenye alama ya jua pembeni ya alama ya theluji ni dalili ya kwanza, lakini kibandiko cha mashine ndicho ushahidi, na lazima kitaje uwezo wa kupasha. Chagua yenye kompresa ya inveta, inayopunguza kasi badala ya kuzima na kuwaka, kwa kuwa ile ya zamani hudai umeme mwingi kwa ghafla na kuzishinda inveta ndogo za sola. Epuka yenye gesi ya R22, inayoondolewa sokoni duniani kwa kuharibu tabaka la ozoni. R32 ni afadhali, ila inaweza kushika moto, kwa hiyo iguswe na fundi aliyefunzwa, si yeyote mwenye spana. Fundi asiyenyonya hewa na unyevu kwenye mabomba kwa pampu maalumu kabla ya kufungua gesi anaiua kompresa siku ya kwanza. Mashine ya nje ikikaa ukuta wa kaskazini huota jua la kipupwe, kwa sababu mwezi Juni jua la adhuhuri la Mbeya huinamia kaskazini kwa nyuzi 32 kutoka utosini. Kwa sababu hiyohiyo paneli zitazame kaskazini. Anayechora ramani ya nyumba sasa hivi Uyole, Kihesa au Mafinga amwambie fundi wake leo: upande mmoja wa paa uelekee kaskazini, matundu ya hewa yawe na vifuniko vya kufunga na kufungua, na pesa ya dari isiahirishwe hadi baada ya kuhamia.