Ukuta Hauondoi Njaa

Mwezi Aprili 2018 ulizinduliwa ukuta wa kilomita zaidi ya 24 kuyazunguka machimbo ya tanzanaiti ya Mererani. Shabaha yake ilikuwa njema: kuwazuia walanguzi wasilitoroshe jiwe la Taifa. Hatuna ugomvi na shabaha hiyo. Lakini hatuna budi kuuliza: kijana aliyekuwa akichimba kwa wizi ameonyeshwa njia gani ya riziki?

Kijana huyo hakuzaliwa mhalifu. Tazameni Akheri na vijiji jirani vya miteremko ya Mlima Meru. Kihamba cha migomba na kahawa kimegawanywa baba kwa mwana, hata hakimtoshi mrithi. Mwaka 1951 mkoloni aliwafukuza Wameru Engare Nanyuki, na mwaka uliofuata Ndugu Kirilo Japhet alikwenda Umoja wa Mataifa kuidai ardhi hiyo. Mwaka 1989 mpango wa mgawo wa kahawa duniani ulivunjika, bei ikaporomoka. Mwenye kukosa shamba na bei hufuata mashimo.

Huko mashimoni wengi wamefanya kazi bila mshahara, kwa chakula na ahadi ya mgao jiwe likipatikana. Watoto waliotambaa katika njia nyembamba wakaitwa "nyoka". Mafuriko ya 1998 na 2008 yaliwaua makumi ya wachimbaji chini ya ardhi.

Ndugu zetu wa Visiwani wasidhani kwamba haya ni ya Bara peke yake. Mchanga unaochimbwa huko kinyume cha sheria nao huchotwa na mtu anayetafuta posho ya siku.

Mwaka 2019 Serikali ilianzisha masoko ya madini, ikawaondolea wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani na kodi ya zuio. Hiyo ndiyo huruma yenye akili: kuufungua mlango wa halali. Sasa viongozi waendelee. Vikundi vya vijana wapewe leseni na maeneo yaliyopimwa na wataalamu. Mwenye mgodi awe na mkataba wa maandishi na ujira kwa kila mchimbaji. Mtoto arudi shuleni, na mzazi wake asaidiwe. Mkulima wa kahawa apate haki ya jasho lake.

Ukali wa sheria umwelekee mlanguzi na mfadhili wake. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Basi anayetaka miiko iheshimiwe, na aanze na njaa.