Kupanga nyumba ni kazi, na kazi ina malipo



Nyumba ikipendeza, majirani husema: mama wa hapa anajua kupanga. Lakini ni mara ngapi kupanga huko kunaitwa kazi, na mama akalipwa? Juma hili tunawaletea habari ya wanawake wawili wa Uingereza waliodai jambo hilo zamani, wakati wa Malkia Victoria.

Siku zile familia zenye pesa zilijaza nyumba viti vizito, mapazia manene, na mapambo juu ya mapambo. Vumbi lilikaa kila pembe. Ndipo mafundi kadhaa wakaanza kutafuta uzuri wa namna nyingine. Mmoja wao, Edward William Godwin, alichora mwaka 1867 kabati jeusi la chumba cha kulia, lenye mistari iliyonyooka na nafasi wazi, kwa kufuata sanaa ya Japani. Kwanza alitumia mbao za bei ndogo. Hazikuvumilia, akaagiza litengenezwe tena kwa mahogani. Alitaka pia vyombo viwe vyepesi, ili anayefagia aweze kuvisogeza.

Katika miaka hiyo Agnes Garrett na binamu yake Rhoda walitaka kujifunza kazi ya kupamba nyumba. Ofisi za wachoraji wa majengo zilikuwa za wanaume. Hawakurudi nyuma, mpaka John McKean Brydon akawapokea kama wanafunzi. Baadaye wakafungua kampuni yao wenyewe London. Walichora viti, makabati, vitambaa na karatasi za ukutani, na mwaka 1876 wakatoa kitabu cha mashauri juu ya kupamba nyumba. Walifundisha kwamba chombo kifae kwanza kazi yake, na umbo lake liwe na vipimo vizuri; mapambo ya kuficha ubovu hayafai.

Jamaa walisaidiana. Dada ya Agnes, daktari Elizabeth Garrett Anderson, alikuwa kati ya waliowapa kazi. Rhoda naye alisimama mbele ya mikutano kudai wanawake wapige kura. Alifariki mwaka 1882, na Agnes akaendelea na kampuni peke yake. Hata leo baadhi ya vyombo vyao vinaonekana katika nyumba ya Standen, kusini mwa Uingereza.

Mama, binti yako akipenda kupima mbao au kuchagua rangi, usimwambie hiyo ni kazi ya kaka yake. Mtafutie fundi wa kumfundisha. Na wewe unayeitwa kila arusi uje kupamba chumba, kisha unarudishwa na asante tu: kazi ijayo, taja bei yako kabla ya kufungua kitambaa cha kwanza.