Riyali 2,000 zinanunua gari gani Maryland?

Jamaa walioko Muscat, Sohar na Dubai wenye vijana wao huku Maryland huuliza swali lile lile: kijana amepata kazi ya usiku, anataka gari, tumpelekee kiasi gani? Swali si dogo. Bladensburg ni mwendo mfupi tu kutoka mpaka wa Washington, lakini mji hauna stesheni ya treni ya Metro, na mtu anayetoka zamu ya kutunza wazee saa tano za usiku hawezi kutegemea basi. Bila ya gari hakuna kazi. Na gari likimfia mwezi wa pili, kazi imekwenda na fedha za ami yake zimekwenda.

Tuchukue riyali 2,000 za Oman. Thamani ya riyali imefungwa na dola, kwa hivyo hizo ni kama dola 5,200. Vijana wakisikia hivyo hutafuta gari la dola 5,200, na hapo ndipo hesabu inapoharibika. Tangu Julai 2025 jimbo la Maryland linatoza kodi ya asilimia 6.5 wakati wa kuhamisha gari. Kabla ya hapo ilikuwa 6. Kuna ada ya hati na ya namba. Kuna bima, ambayo kwa kijana mgeni katika kaunti hii ya Prince George's yaweza kumtoa jasho kuliko gari lenyewe. Tena lazima ibaki akiba ya matairi na breki. Basi gari litafutwe la dola 3,800, na bei isivuke 4,000.

Maisha yangu yote nilikuwa karani, kwa hivyo mimi huanza na makaratasi kabla boneti haijafunguliwa. Hati ya umiliki huku huitwa taito. Si sawasawa na mulkiya ya Oman, kwani mulkiya hutembea na gari, na hii huwekwa nyumbani kama hati ya shamba. Soma jina lililoandikwa, kisha mwombe muuzaji kitambulisho chake. Akisema gari ni la binamu yake aliyesafiri, mwage kwa adabu uondoke. Mara nyingi huyo ni dalali asiye na leseni. Halafu linganisha namba ya gari. Magari yote ya Marekani tangu modeli ya 1981 yana namba ya tarakimu na herufi 17, na ya kumi katika hizo inaonyesha mwaka wa modeli. Isome chini ya kioo cha mbele, uisome tena kwenye ubavu wa mlango wa dereva, kisha kwenye hati. Zote tatu zipatane, herufi kwa herufi.

Kuna jambo moja la Maryland ambalo wageni hawalijui. Katika majimbo mengi benki iliyokopesha ndiyo hushika hati mpaka deni liishe. Hapa hati hukaa kwa mwenye gari hata akiwa anadaiwa, na deni huandikwa ndani yake. Kwa hivyo muuzaji kuwa na hati mkononi si dalili kwamba gari ni lake moja kwa moja. Ukiona jina la benki, dai karatasi ya benki hiyo inayosema deni limelipwa. Bila ya hiyo utanunua gari pamoja na deni la mtu. Na ukiona neno la kwamba gari lilihesabiwa kuwa la ajali likaundwa upya, liache. Wasomaji wa Sharjah wanayajua magari hayo vizuri, maana mengi yaliyogongwa Marekani huishia kwenye yadi za kwao.

Sasa ukaguzi. Maryland haikagui usalama wa gari kila mwaka. Hukagua linapobadilisha mwenyewe. Cheti hutolewa na gereji yenye leseni, na hudumu siku 90. Maana yake, gari lililokaa na mtu mmoja miaka kumi na tano huenda halijatazamwa breki wala mikono ya usukani na mkaguzi yeyote kwa miaka yote hiyo. Ng'ambo ya mpaka hali ni hiyo hiyo au zaidi: Washington iliacha kukagua usalama wa magari ya watu binafsi mwaka 2009, ikabakisha ukaguzi wa moshi tu. Gari lenye namba za Washington lililoegeshwa Bladensburg Road likiwa linang'aa laweza kuwa na breki za chuma kwa chuma. Kwa hivyo kabla ya kutaja bei, uliza: cheti cha Maryland atakilipia nani? Muuzaji akikubali kukitoa yeye, huyo anajiamini. Akisema chukua kama lilivyo, basi matengenezo yote yatakayodaiwa na mkaguzi ni yako, na yanaweza kufika dola elfu na zaidi kwa gari la elfu tatu.

Kabla ya hapo lakini, mlipe fundi wako mwenyewe dola mia moja au zaidi kidogo alitazame. Muuzaji akikataa gari lisiende kwa fundi, umepata jibu lako bure. Fundi mzuri ataunganisha mashine na kompyuta ya gari. Taa ya injini kutowaka hakutoshi, kwa sababu mwuzaji anaweza kuifuta asubuhi ile ile. Ila kompyuta iliyofutwa huonyesha kwamba vipimo vyake bado havijakamilika, na hilo hawezi kulificha. Wewe mwenyewe njoo wakati injini ni baridi. Weka mkono juu ya boneti. Ikiwa ya moto, kuna aliyeipasha kwa sababu. Vuta kijiti cha oili, inusa giaboksi kama ina harufu ya kuungua, na inua zulia utafute tope na kutu, kwani magari ya mafuriko husafirishwa mbali. Kwenye tairi tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Kuhusu aina, kila Mswahili anataka Corolla, na wauzaji wanalijua hilo, ndiyo maana Corolla iliyochoka huuzwa bei ya gari zima. Pontiac Vibe ya 2003 hadi 2010 ni Toyota Matrix kwa jina jingine, imeunganishwa California katika kiwanda cha pamoja cha Toyota na General Motors, na huuzwa rahisi kwa kuwa Pontiac haipo tena. Buick LeSabre ni gari la vikongwe, nakubali, lakini injini yake ya V6 ni ngumu na mwenyewe wa kwanza mara nyingi alikuwa akiendea kanisani na dukani tu. Tahadhari na Hyundai na Kia nyingi za 2011 hadi 2021 zinazowashwa kwa ufunguo wa kuzungusha: nyingi hazikuwa na kizuizi cha wizi, na wezi wamejifunza.

Chochote utakachochagua, ingiza ile namba ya herufi 17 kwenye tovuti ya NHTSA, idara ya usalama barabarani ya serikali kuu. Ni bure. Itakuambia kama gari limeitwa kiwandani na halijatengenezwa. Januari 2024 Toyota iliwaambia wenye Corolla na Matrix za 2003 na 2004 zenye mifuko ya hewa ya Takata ambayo haijabadilishwa wasiziendeshe kabisa, kwa kuwa mfuko ukipasuka hurusha vipande vya chuma. Kubadilisha ni bure.

Fedha zisitumwe kutoka Muscat mpaka ripoti ya fundi isomwe kwa simu. Zikifika, ziwe cheki ya benki yenye jina lile lile lililo kwenye hati. Namba za Maryland hubaki na muuzaji, haziendi na gari, kwa hivyo nendeni pamoja kwenye mojawapo ya ofisi za kuhamisha hati zilizo kando ya barabara zetu. Muuzaji atang'oa namba zake pale pale, na kijana ataondoka na zake.